Gari likilala Ijumaa haliamki Jumatatu: ni betri, alternata au nyaya?

"Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, niko Tanga. Nalitumia kwenda kazini siku tano za wiki na halinisumbui. Shida ni nikilipaki Ijumaa jioni nisilitoe mpaka Jumatatu: nikigeuza ufunguo linalia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Nimenunua betri mpya mbili ndani ya miezi kumi na minne, na hii ya pili nayo imeanza. Fundi mmoja alichomoa kichwa cha betri injini ikinguruma. Gari halikuzima, akasema alternata ni nzima, ila nyaya zimechoka, nisukiwe upya gari zima. Jambo la pili: nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali hata mchana ambapo sijawasha taa yoyote, na indiketa ya kushoto inapepesa haraka kuliko ya kulia. Fyuzi ya taa ndogo ilikuwa inaungua kila wiki, fundi mwingine akaniwekea ya 30 na tangu hapo haijaungua tena. Nianzie wapi? Kweli nisuke nyaya upya? Na nikiweka balbu za LED gari zima nitaokoa betri?"

Marahaba. Nitakujibu yote, lakini kabla hujasoma aya ya pili, nenda kwenye gari ukachomoe hiyo fyuzi ya 30. Nitakusubiri.

Kwenye barua yako yote hakuna neno lililonishtua kama "tangu hapo haijaungua tena". Umeliandika kama habari njema. Fyuzi ni mlinzi uliyemweka mlangoni: waya ukianza kubeba umeme kuliko uwezo wake, yeye anakufa kwanza ili waya upone. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, na fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au karibu na hapo. Funua kifuniko cha boksi la fyuzi. Maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini namba ni zilezile za kwetu, na namba iliyoandikwa kwenye nafasi hiyo ndiyo sheria. Rangi nazo zitakusaidia: ya 10 ni nyekundu, ya 15 bluu, ya 20 njano, ya 30 kijani. Ukiona ya kijani mahali pa nyekundu, jua kwamba kitakachoungua siku ya shoti ni waya wenyewe, chini ya zulia, karibu na sponji la kiti. Kile kilichokuwa kinaunguza fyuzi kila wiki hakijaondoka. Kipo palepale, sasa hakina wa kukizuia. Usiendeshe usiku mpaka tumalize jambo hili.

Sasa tukae chini. Ukisoma dalili zako kwa pamoja, utadhani gari zima limeoza, na ndivyo alivyodhani huyo fundi wa kusuka nyaya. Mimi naona kasoro mbili, labda tatu, ndogo ndogo, ambazo hazijuani. Moja inakunywea betri mwishoni mwa wiki. Nyingine iko kwenye taa ya nyuma kushoto. Na kuna mahali fulani waya wa taa ndogo unagusana na kitu usichopaswa kukigusa, ambapo huenda ni palepale kwenye taa ya nyuma au pengine kabisa.

Kauli ya "nyaya zimechoka" nimeisikia tangu nikiwa msaidizi gereji. Shaba haichoki. Waya uliokaa ndani ya ganda lake tangu 1998, usiochubuliwa wala kukaangwa na joto la injini, unaweza kupitisha umeme leo kama ulivyotoka kiwandani. Kinachochoka ni viungo: pale waya unapobanwa na kichwa chake, pale soketi inapokutana na balbu, pale skrubu inapokaza waya kwenye bodi. Na wewe uko Tanga, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu kwenye shaba inaleta ile kutu ya kijani unayoijua. Kusuka upya ni kuvunja mamia ya viungo vya kiwandani na kuweka mamia ya viungo vya mkono, vingi vikiwa vya kusokotwa na kuvingirishiwa tepu. Nimeyapokea magari yaliyosukwa. Kuyafuatilia ni kama kutafuta ncha ya uzi kwenye furushi la nyavu. Hapana, usisuke.

Nikueleze kitu kimoja ambacho ukikishika, nusu ya kasoro za umeme wa gari utazielewa mwenyewe. Umeme unakwenda na kurudi. Nyumbani unaona nyaya mbili zikienda kwenye taa, lakini kwenye gari mara nyingi utaona mmoja tu, ule wa kwenda. Njia ya kurudi ni bodi lenyewe la gari: kichwa hasi cha betri kimefungwa kwenye bodi na kwenye injini, na kila taa ina waya mfupi unaokazwa kwa skrubu kwenye bati lililo karibu nayo. Huo ndio tunauita erthi. Watu wakipata taa hafifu wanakimbilia njia ya kwenda, wanabadilisha balbu, swichi na fyuzi, na njia ya kurudi hakuna anayeikumbuka. Skrubu ikishika kutu, umeme unaofika kwenye taa unakosa pa kutokea. Nao haukubali kukaa. Unatafuta njia ya kichochoro.

Hapo ndipo ilipo breki yako. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo, na zote mbili zinatumia erthi moja. Erthi hiyo ikifa, unapokanyaga breki umeme unaingia kwenye uzi wa breki, unakosa kutokea, unageuka na kupanda kwenye uzi wa taa ndogo kinyumenyume, unafuata waya wa taa ndogo mpaka mbele, na kwa kuwa taa za dashibodi zimeunganishwa na taa ndogo, unapitia humo kutafuta bodi. Ndiyo maana dashibodi inawaka kwa mbali mchana kweupe. Dashibodi haina kosa lolote hapo, imegeuzwa njia ya panya tu.

Lakini kuna mshukiwa mwingine anayeleta dalili hiyohiyo, na nakushauri uanze naye kwa sababu ni rahisi zaidi: balbu yenyewe. Uzi mmoja ukikatika unaweza kuangukia mwenzake na kujishika hapo, ikawa breki na taa ndogo zimeungana ndani ya kioo. Au mtu alikosa balbu ya nyuzi mbili dukani akalazimisha ya uzi mmoja, ambayo kitako chake kina nukta moja pana inayogusa ncha zote mbili za soketi kwa pamoja. Fungua buti, ondoa kifuniko cha nyuma ya taa ya kushoto, geuza soketi itoke, chomoa balbu uinyanyue kwenye mwanga. Unatakiwa kuona nyuzi mbili zilizosimama kila moja peke yake, na nukta mbili kitakoni. Angalia na ya kulia ulinganishe. Kama kuna balbu ya uzi mmoja, hujafanya kazi hata dakika kumi na umepata jibu.

Balbu ikiwa nzima, rudi kwenye erthi. Kwenye Toyota za umri huo waya wa erthi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate kutoka kwenye soketi mpaka skrubu ilipo. Hapa utahitaji multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili, na kama huna, nunua hata ile ya bei ndogo kabisa; itagharimu sehemu ndogo tu ya pesa uliyotumia kwenye betri mbili. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mwambie mtu akanyage breki. Ncha nyekundu igusishe kwenye waya wa erthi pale kwenye soketi, nyeusi kwenye bati tupu lililokwanguliwa rangi. Erthi nzima itakupa karibu na sifuri. Ukiona volti 2, 3 au zaidi, basi umeme umekwama hapo unasukumana. Fungua skrubu, sugua bati na kichwa cha waya kwa msasa mpaka ving'ae, kaza upya, halafu paka mafuta ya mgando juu yake, yaleyale ya kupaka watoto, ili hewa ya bahari isipate nafasi. Soketi ikiwa imeshika kijani ndani, isugue kwa kipande cha msasa kilichozungushiwa bisibisi, betri ikiwa imefunguliwa.

Indiketa ya kushoto inawezekana itapona papo hapo bila kuigusa. Rilei ya indiketa, kile kidude kinachoifanya ipepese, kwenye magari haya inapima ni umeme kiasi gani unapita. Ukipungua, inadhani balbu moja imekufa na inapepesa haraka ili kukuarifu. Erthi mbovu inapunguza umeme vilevile kama balbu iliyoungua. Isipopona, zunguka gari indiketa ikiwaka uangalie ya mbele na ya nyuma: ama moja haiwaki, ama mtu aliweka balbu ndogo kuliko wati 21.

Tuje kwenye betri, kitu kilichokula pesa zako.

Umesema gari linawaka kila siku ya kazi na linagoma baada ya kulala Ijumaa hadi Jumatatu. Hiyo ni taarifa nzuri kuliko unavyodhani, maana inatuambia ukubwa wa mwizi. Betri ya kawaida kwa gari kama hilo ni NS60, yenye ampea-saa 45. Angekuwa mwizi mkubwa, mathalani taa kubwa zilizobaki zinawaka, betri isingefika asubuhi. Angekuwa mdogo sana, kama saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio, gari lingekaa wiki kadhaa. Sasa piga hesabu ya balbu moja tu ya wati 5. Gawa wati 5 kwa volti 12, unapata kama ampea 0.42. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha: ampea-saa 25. Zaidi ya nusu ya betri imenyweka na taa ndogo moja ambayo hakuna anayeiona. Usiku mmoja wa katikati ya wiki inakunywa kama ampea-saa 5, na safari ya kazini inazirudisha.

Ni taa gani ya wati 5 inaweza kuwaka usiione? Ya ndani ya buti. Swichi yake ikikwama, au kifuniko cha buti kikilegea kidogo, haizimi. Usijifungie ndani ya buti kuangalia, tafadhali. Kuna mteja alitaka kufanya hivyo mbele yangu. Washa simu irekodi video, iweke humo ikiangalia juu, funga buti, hesabu hadi kumi, fungua, tazama video. Ikionyesha giza, mwizi si huyo. Ikionyesha mwanga, umeokoa betri ya tatu.

Buti likiwa safi, pima. Funga milango yote, toa ufunguo, fungua boneti. Fungua kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10. Kwenye multimita, hamisha waya mwekundu uuchomeke kwenye tundu la 10A na geuza kitufe kwenye ampea za DC. Kosa la kusahau tundu hilo ndilo linaunguza multimita nyingi za wanafunzi. Sasa weka multimita katikati: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye waya uliouvua, ili umeme wote wa gari upite ndani ya multimita. Usijaribu kuwasha gari wala taa kubwa katika hali hiyo. Subiri kama dakika kumi vitu vitulie. Gari zima la umri wako linatakiwa kusoma chini ya ampea 0.05. Ukisoma 0.3, 0.4 au zaidi, mwizi yuko kazini mbele ya macho yako.

Sasa chomoa fyuzi moja moja, moja ikitoka irudishe kabla ya kuchomoa inayofuata, huku mwenzako akisoma namba. Namba itakaposhuka ghafla, fyuzi uliyoishika ndiyo mlango aliopitia mwizi. Ikiwa ni ya taa za ndani, angalia buti, taa ya kabini, taa ya sanduku la dashibodi. Ikiwa ni ya redio, vuta redio uangalie mgongoni. Hapa naweka dau langu la pili baada ya buti. Gari lilipokuja kutoka Japani lilikuwa na redio yake, na karibu kila mtu kwetu ameibadilisha. Redio ya dukani ina waya wa njano wa umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu na waya mwekundu unaotakiwa kupata umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Fundi mwenye haraka huisokota njano na nyekundu pamoja akaziunga kwenye umeme wa kudumu. Redio inapiga, mteja anafurahi, anaondoka. Kumbe usiku kucha imelala jicho moja wazi, hasa kama kuna amplifaya ya spika nyuma. King'ora cha wizi kilichofungwa hapa nyumbani nacho ni wa kumwangalia, maana mara nyingi kimeunganishwa bila kupita fyuzi yoyote ya gari.

Ukichomoa fyuzi zote na namba isishuke, angalia alternata, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ndani yake kuna daiodi, vimlango vinavyoruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuukataza usirudi. Kimlango kimoja kikivuja, betri inamwagika kurudi kwenye alternata usiku wote. Kipimo cha bure: asubuhi, gari likiwa limelala na injini ya baridi kabisa, gusa ganda la alternata. Ikiwa na vuguvugu peke yake, umempata.

Na hili linanirudisha kwa yule aliyechomoa kichwa cha betri injini ikinguruma. Simlaumu sana, alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya alternata. Kwenye dainamo haikuwa hatari kubwa. Alternata inategemea betri kama mto unavyotegemea bwawa. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa juu ya 14 kwa kufumba na kufumbua, na anayepigwa ni kontroli boksi (kompyuta ya injini), redio, au zile daiodi zenyewe. Mbaya zaidi, kipimo chenyewe hakisemi alichodhani kinasema. Injini inahitaji umeme kidogo ili isizime, kiasi ambacho hata alternata yenye daiodi mbovu inaweza kutoa. Kwa hiyo alternata yako inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa mbovu, na pia inaweza kuwa ilikuwa nzima mpaka siku ile. Kipimo halali ni multimita kwenye vichwa vya betri, volti za DC, injini inanguruma: ukiona kati ya 13.8 na 14.5, na ukawasha taa kubwa na feni ya AC ikabaki juu ya 13.5 hivi, inachaji vizuri. Ikivuka 15, inachemsha betri, na utaona maji yakipungua haraka.

Sasa utaniuliza, betri mbili zilikufaje kama zilikuwa mpya? Betri ya gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache ili stata, mota ya kuwashia injini, izunguke, kisha ijazwe mara moja. Haipendi kukaa tupu. Ikikaa tupu, salfati ya risasi inaganda kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na kila wikiendi ya aina hiyo inakata kipande cha uwezo ambacho hakirudi. Joto la pwani linaongeza kasi ya mambo yote hayo. Muuzaji hakukuuzia betri mbovu, basi. Ziliuliwa moja moja na Jumapili zako. Hii ya pili huenda bado ina uhai. Ipeleke kwa anayechaji kwa chaja ya umeme mdogo usiku kucha, si kwa kubusti na kuzunguka mjini ukidhani alternata itaijaza, kwa sababu alternata haikutengenezwa kufufua wafu. Ikitoka, iache bila kuifunga kwenye gari kwa saa kumi na mbili, kisha pima. Volti 12.6 ni nzima. 12.4 ni robo imepungua. Ikiwa imeteremka hadi 12.2 bila kuunganishwa na kitu chochote, imeshapoteza nusu na sitakudanganya, utanunua nyingine. Lakini usiinunue kabla mwizi hajakamatwa.

Kama vichwa vya betri vina ule unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi. Magadi yanaua asidi, utaona povu. Funika mifuniko ya betri yako vizuri ili yasiingie ndani. Soda ya chupa nayo inasafisha, watu hawajakosea, ila inaacha sukari inayonata na kukusanya vumbi. Na ukiona maji ndani yamepungua, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri tu, si asidi. Asidi haikauki, kinachokauka ni maji.

Wengine watakushauri ufunge swichi ya kukata betri, ile ya kuzungusha, uizime kila Ijumaa. Inafanya kazi, na kwa mtu anayesafiri mwezi mzima naifunga bila kusita. Kwako naiona kama kuhama chumba kwa sababu bomba linavuja. Redio itasahau stesheni, injini inaweza kunguruma vibaya kwa dakika kadhaa kila Jumatatu mpaka kontroli boksi ijifunze upya, na mwizi atakuwa anakusubiri siku utakayosahau. Itumie kwa wiki mbili ukiwa unatafuta, isiwe dawa ya kudumu.

Ile fyuzi ya taa ndogo tulimwacha njiani. Weka ya 10, au namba iliyo kwenye kifuniko. Balbu na erthi ya kushoto zikishatengenezwa, inawezekana haitaungua tena. Ikiungua, usiendelee kununua fyuzi. Chukua balbu ya breki ya wati 21, uiungie nyaya mbili, na hizo nyaya ndizo uzichomeke kwenye nafasi ya fyuzi. Chomoa balbu zote za taa ndogo, kisha washa swichi. Kama kuna shoti, balbu yako ya majaribio itawaka kwa nguvu, na waya hautaungua kwa sababu balbu inazuia umeme. Sasa anza kutikisa nyaya taratibu: pale buti linapokunjikia, pale waya unapopita kwenye tundu la bati, chini ya kizingiti cha mlango, palipofungwa spika. Ukigusa pahali na balbu ikazima au ikacheza, uko juu ya jeraha. Mara nyingi ni ganda lililochubuliwa na ukingo wa bati, urefu usiozidi ukucha. Uchomelee kama umekatika, uvike ganda jipya, uufunge mahali usipoweza kusuguana tena. Ndio "kusuka nyaya" pekee gari lako linahitaji.

Tahadhari mbili, na sizirudii kwa sababu ya desturi. Ukifungua betri, hasi itoke kwanza na irudi ya mwisho. Nikiwa mwanafunzi nilianza na chanya, spana ikagusa bodi, ikashika hapo na kuwa nyekundu mkononi mwangu. Kovu la kidole cha pete ninalo hadi leo. Hasi ikishatoka, spana ikigusa chanya na bodi hakuna kitakachotokea, ila isiguse vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja. Ya pili: kama usukani wako una mfuko wa hewa, nyaya na soketi zake ni za njano. Usizipime, usizichomoe, na ukitaka kufanya kazi karibu nazo, fungua betri na usubiri si chini ya sekunde 90, kwa kuwa mfumo huo hutunza umeme wake kwa muda.

Mpelekee fundi gari ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukigusa waya ukauona wa moto, kama balbu ya majaribio imekataa kukuonyesha mahali, au kama namba ya mwizi imebaki baada ya fyuzi zote kutoka. Kufungua alternata kubadilisha daiodi ni kazi ya benchi, na kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua alternata nyingine iliyotumika ambayo huijui historia yake. Kumchagua huyo fundi, angalia tu anashika nini kwanza. Akishika multimita, kaa usikilize. Akishika plaizi na kuanza kukata, mshukuru uondoke. Mwambie kabisa: "Naomba tupime kwanza, unionyeshe namba." Fundi mzuri hatakasirika; atafurahi, maana mteja anayejua namba halalamiki bei.

Na LED? Kwenye buti na kabini weka, zinakula kidogo sana, ingawa swichi iliyokwama itabaki imekwama. Kwenye indiketa zitakurudishia kupepesa haraka kulekule, kwa sababu rilei ya zamani itaona umeme umepungua na kudhani balbu zimekufa. Utahitaji rilei ya LED. Kwenye taa kubwa, kioo chako kilichorwa kwa balbu ya H4 yenye uzi, na nyingi za LED za kuchomeka pale zinamwaga mwanga machoni mwa anayekuja mbele yako. Hizo za nje hazitakuokolea betri, kwa kuwa taa unazoziwasha ukiendesha zinalishwa na alternata, na mwizi wako anafanya kazi wewe ukiwa umelala.